Börsenblatt la Ujerumani: anza na kurasa za matangazo

Muuza vitabu wa Lubumbashi anayengoja katoni zake zivuke mpaka wa Tunduma, kisha wa Kasumbalesa, ana maswali matatu kichwani: nitalipa lini, nimepunguziwa kiasi gani, na visivyouzika nani atavirudisha kwa gharama yake? Wauza vitabu wa Ujerumani waliyajibu maswali hayo hadharani, toleo baada ya toleo, katika gazeti lao la biashara, Börsenblatt für den Deutschen Buchhandel. Matoleo ya 1834 hadi 1945 yamepigwa picha na maktaba ya SLUB ya mjini Dresden, na kuyasoma kwenye intaneti ni bure. Tunayoipima hapa ni hifadhi hiyo. Gazeti la leo tutaligusa kidogo tu mwishoni.

Jina lenyewe linaeleza kazi. Börse ni mahali pa kukutania wafanyabiashara. Kila mwaka baada ya Pasaka, wauza vitabu wa nchi zote za Kijerumani walikutana Leipzig kulipana madeni ya mwaka mzima. Mwaka 1825 wakaunda chama, Börsenverein, ili shughuli hiyo iwe na utaratibu, na Januari 1834 gazeti likaanza kutoka. Mwanzoni lilikuwa la kila wiki. Biashara ilivyokua likaongezewa siku, hadi likawa linatoka kila siku ya kazi.

Anayefungua hifadhi hii kwa mara ya kwanza hukimbilia makala. Asifanye hivyo. Makala nyingi ni hotuba za mikutano na mabishano ya wanachama, na usingizi utakukamata kabla hujafika ukurasa wa pili. Utamu uko kwenye matangazo: vitabu vilivyotoka, vitakavyotoka, maduka yanayouzwa, vijana wanaotafuta kazi, na sehemu iitwayo Gesuchte Bücher, yaani vitabu vinavyotafutwa. Hapo duka la mji mdogo lilitaja kitabu ambacho mteja wake anakihitaji, na yeyote aliyekuwa nacho rafuni, hata mbali kiasi gani, alituma bei yake.

Tangazo la kitabu kipya lina vifupisho vyake, na bila kuvijua hutaelewa kitu. Tuseme umekuta kitabu kimeandikwa "1 Thlr. ord., 20 Ngr. netto, 7/6 baar". Ord. ni bei ya mteja dukani. Netto ni bei ya muuzaji. Thlr. ni Thaler, fedha ya zamani ya Ujerumani, na Ngr. ni Neugroschen, sehemu zake ndogo. Thaler moja ni Neugroschen 30, kwa hiyo punguzo ni theluthi moja. Ile 7/6 inasema: lipia sita, chukua saba. Baar ni taslimu. Sasa piga hesabu: unalipa Neugroschen 120, ukiuza vyote saba unapata 210, faida 90. Bila kile cha saba faida ingekuwa 60. Nakala moja ya bure imeongeza faida kwa nusu, ila umeshatoa pesa na hurudishi kitu.

Ukiona "à cond." mambo ni tofauti. Hiyo ni karibu sana na kile watu wa Dar es Salaam wanachokiita mali kauli: mchapishaji anatuma, muuzaji anaweka dukani, na hesabu inafanywa baada ya Pasaka inayofuata. Visivyouzika vinarudi. Wajerumani wa biashara hii walivipa vitabu hivyo jina la utani, Krebse, yaani wale wadudu wa maji wenye magando wanaotembea kinyumenyume. Mchapishaji aliyeishiwa nakala alitangaza gazetini kwamba anaomba vilivyolala madukani virudi haraka. Ndiyo sababu gazeti hili lilipaswa kusomwa kwa makini: aliyepitwa na tangazo la kurudisha alijiweka pabaya siku ya hesabu.

Mizigo yenyewe ilipitia kwa wakala wa Leipzig. Kila duka la mbali lilikuwa na wakala wake pale, anayepokea vifurushi vya wachapishaji wengi na kuvifunga kuwa mzigo mmoja. Wenzetu wanaochangia kontena bandarini hawahitaji maelezo zaidi.

Bei nazo zinabadilika sura. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1871, Thaler ilibadilishwa kwa Mark 3. Kwa msomaji wa Lubumbashi, aliyezoea bei moja kwa dola na nyingine kwa faranga, hilo halisumbui. La kuangalia zaidi ni miaka ya 1887 na 1888, chama kilipobana wanachama wake wasiuze chini ya bei ya mchapishaji. Ujerumani bado ina bei moja ya kitabu kipya nchi nzima, na tangu 2002 ni sheria ya bunge.

Tatizo kubwa la hifadhi ni utafutaji wa maneno. Sehemu kubwa imechapwa kwa Fraktur, zile herufi za Kijerumani zenye pembe, na mashine inazichanganya. S ndefu ya katikati ya neno inafanana na f. S kubwa inafanana na G. K kubwa inafanana na R. Ukitafuta matangazo ya vitabu vya Kiswahili, ambavyo Wajerumani walivichapa kwa wingi tangu miaka ya 1890, usiandike "Swahili". Andika "Suaheli", kisha "Guaheli", kisha "Kisuaheli", "Kifuaheli" na hata "Rifuaheli". Inachekesha, lakini ndivyo ilivyo. Kwa mji wetu wa Lubumbashi jaribu "Elisabethville", jina uliloanza nalo mwaka 1910. Kongo ijaribu kwa K na kwa C.

Tatizo la pili ni mega. Ukurasa umejaa herufi ndogo, lazima uukuze, na kuukuza kunakula kifurushi. Pakua toleo moja zima, soma ukiwa nje ya mtandao. Usijaribu kupakua mwaka mzima wa mwisho wa karne ya 19, ni maelfu ya kurasa.

Hifadhi haijaficha aibu, na kwa hilo tunaipa alama. Fungua toleo la 13 Mei 1933, siku tatu baada ya vitabu kuchomwa na Wanazi Berlin. Uongozi wa chama unatangaza majina ya waandishi 12 wasiotakiwa kuuzwa tena, akiwemo Heinrich Mann, Lion Feuchtwanger, Erich Maria Remarque na Kurt Tucholsky. Tangazo hilo liko katika gazeti lile lile ambalo muuza duka alizoea kulitii kuhusu bei na tarehe za kurudisha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili gazeti liligawanyika, moja la Leipzig na moja la Frankfurt, hadi Ujerumani ilipoungana tena. La leo ni jarida la Frankfurt, linatolewa na MVB, kampuni ya chama. Ni zuri kwa habari za wachapishaji na maonyesho. Ila orodha ya vitabu vinavyopatikana sokoni inakaa kwenye katalogi nyingine ya MVB, VLB, iliyoanza 1971, na vilivyoadimika vinatafutwa mtandaoni. Kwa duka la hapa lisilouza vitabu vya Kijerumani, kulilipia ni kutupa dola.

Hifadhi ya Dresden, nne kati ya tano. Alama moja imeliwa na Fraktur.