Darasa la uchumi la jioni Mbagala: uzoefu wangu

Nauza nafaka na mafuta ya kula Mbagala. Kila mwezi redio inatangaza kwamba mfumuko wa bei uko chini, na kila mwezi wateja wangu wanalalamika dukani. Nilitaka mtu anieleze jambo hilo kwa hesabu, nikajiandikisha darasa la jioni la uchumi kwenye shule ya msingi mtaani kwetu. Yeyote anayeshika fedha za familia, za duka au za kikoba, namshauri aende.

Ada ni shilingi 15,000 kwa mwezi na unaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa mbili usiku. Haulizwi cheti mtu. Tumo mama lishe, bodaboda, mafundi cherehani, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye akiwa mtoto alikuwa akimsindikiza mama yake kwenye kisomo mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huyo mzee hakosi kipindi.

Zoezi lililonifungua macho ni la kapu la bei. Kila mtu aliandika matumizi yake ya wiki: unga, mkaa, nauli, vocha, dawa, kodi ya chumba. Kisha tukatafuta kila fungu ni asilimia ngapi ya jumla. Kwangu chakula peke yake kilipita nusu. Mwalimu akatuonyesha kapu ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulitumia kupima mfumuko wa bei: humo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28 hivi, kwa kuwa linajumlisha matumizi ya nchi nzima, wenye magari na wanaokula hotelini wakiwemo. Kwa hiyo mchele ukipanda, mimi na mama lishe tunaumia kuliko takwimu ya taifa inavyoonyesha, na takwimu yenyewe haijasema uongo. Lingine ambalo sasa nawaeleza wateja wangu: mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei bado zinapanda, ila mwendo wake umepungua.

Kipindi cha riba kilikuwa moto. Mama mmoja alileta karatasi ya mkopo wake: laki sita kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, marejesho shilingi 121,000 kila mwezi.

“Mama, mwezi wa mwisho unakuwa umebakiwa na deni la shilingi ngapi?” mwalimu akamuuliza.

“Laki moja, Mwalimu.”

“Na riba ya mwezi huo?”

“Elfu ishirini na moja, ile ile ya mwezi wa kwanza.”

Darasa zima lilipaza sauti: riba ilihesabiwa kwa laki sita nzima hata deni lilipobaki laki moja. Tulipopiga hesabu kwa deni linalobaki kila mwezi, riba ilifika karibu asilimia 6 kwa mwezi, na hapo bado ada ya fomu. Mikopo hii ya riba kubwa, kausha damu, tunaisema kila siku mtaani, lakini kuiona hesabu yake ubaoni kwa chaki ni jambo jingine kabisa. Kikoba chetu sasa kinatoza riba kwa deni lililobaki tu.

Kasoro zipo. Madawati ni ya watoto, magoti yanauma. Makaratasi tunayogawiwa yameandikwa Kiingereza, na hilo linanikera kweli, kwa sababu mwalimu anafundisha Kiswahili kizuri kabisa na nusu ya darasa hawayasomi wakifika nyumbani. Halafu sera ya fedha, yaani namna Benki Kuu inavyoongoza fedha na riba nchini, ilipitwa mbio. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake kama nyenzo ya sera Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili mwaka huo. Nilitamani tufuatilie riba hiyo inavyofika mpaka kwenye mkopo wa mwenye duka kama mimi. Tulipewa jioni moja tu, na maswali hayakuisha.

Wanaoanza upya hupokelewa mwanzoni mwa mwezi. Njoo na daftari na kikokotoo, na kama una mkataba wowote wa mkopo, uje nao. Mwalimu atauchambua bila kukutaja jina.