Kukagua kifaa cha kusikia: kwa simu au kwa mtaalamu?

Ukinunua kifaa cha kusikia kilichokwisha kutumika, au ukiachiwa cha mzazi, kijue kwanza. Programu ya simu aghalabu huonyesha modeli, namba ya utambulisho na toleo la programu ya ndani. Ni njia ya bure, unaifanya ukiwa nyumbani. Linganisha namba hiyo na iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe. Alama nyekundu ni sikio la kulia, ya buluu la kushoto. Vifaa vingi hukubali simu mpya kwa dakika chache tu baada ya kuwashwa upya, na hiyo ni kinga nzuri dhidi ya mtu mwingine kukiunganisha na simu yake.

Kwa mtaalamu wa usikivu, ukaguzi unaingia ndani zaidi. Kompyuta yake, kwa kutumia kiunganishi kama Noahlink Wireless, husoma wastani wa saa za matumizi, ukuzaji wa sauti katika kila masafa (kuanzia sauti nene hadi nyembamba), na kikomo cha sauti kubwa kabisa. Kikomo hicho ndicho kinacholinda sikio lisiumizwe, na programu za simu kwa kawaida hazikionyeshi. Yeye pia ndiye atakayegundua kama kifaa kimefungwa, kisirekebishwe nje ya maduka fulani. Kama ni cha mtoto, sisiti hata kidogo: mtaalamu kwanza, kabla hakijavaliwa.