AS200 au RS200? Uzoefu wangu wa Altezza hapa Mtwara, na kijana wa yadi aliyenitaka nikamlete mume

Anayetaka jibu la haraka aondoke nalo: kama unaishi Mtwara, na gari ni hilo hilo moja la kwenda dukani, msibani na Masasi kwa ndugu, chukua sedani ya Toyota Altezza, toleo la kuanzia, AS200. RS200, toleo la juu, waachie watu wa Dar. Hivyo ndivyo ningeandika nikiwa nimetulia. Leo sijatulia, na huko chini sina uhakika kama nitabaki na maneno hayo hayo.

Siti, taa na ukubwa wa buti sielezi. Hayo yameandikwa kila mahali. Naeleza nilivyotendwa.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Chikongola. Nimekulia kwenye gereji ya baba mdogo, Majengo. Wenzangu wakicheza rede, mimi nilikuwa nashika tochi chini ya gari. Altezza nimelipenda tangu yalipoanza kuonekana mjini hapa, yakiwa machache, ya watu wa bandarini na mabosi wa korosho. Nikajiwekea kwamba siku nikipata, nitanunua RS200, lile lenyewe la mwisho, si la kuanzia. Sasa msimu wa korosho uliopita biashara ilikwenda vizuri. Fedha za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zikiingia kwenye akaunti zao, watu wanapaua, wanapiga rangi, na duka langu linapumua. Msimu huo huo wauza magari nao wanashuka kutoka Dar, na kila uwanja mtupu mjini unageuka yadi.

Yadi siitaji. Mwenye macho ataijua.

Palikuwa na Altezza mbili zimeegeshwa pamoja. Moja AS200, ya fedha, bei ya kawaida. Ya pili nyeupe, imeoshwa mpaka inang'aa, rimu kubwa, nyuma ina nembo ya RS200, na bei yake imepanda juu ya mwenzake kwa milioni kadhaa. Nikaomba wafungue boneti. Kijana wa mauzo akaniambia, “Dada yangu, si uangalie rangi kwanza?” Nikamwambia rangi nimeiona, fungua boneti.

Akafungua. Sikuhitaji hata kuinama. Injini ndefu, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Hiyo ni 1G, injini ya AS200. RS200 ina silinda nne, 3S-GE, fupi, kifuniko cheusi. Nikasoma bamba la Toyota: GXE10. Mtu yeyote anayenunua Altezza aikariri hii kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu: GXE10 ni AS200, SXE10 ni RS200. Namba ya chesesi inaanza hivyo hivyo, na kwenye kadi ya gari imeandikwa. Nembo inauzwa Kariakoo na inabandikwa kwa gundi. Chesesi haibandikwi.

Nikamwambia kwa adabu kabisa, “Kaka, hii ni AS. Mmebandika nembo.”

Hakunijibu mimi. Akanipita kwa macho, akamtazama kijana wa bodaboda aliyenileta, ambaye alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anasubiri nimlipe. Akamuuliza, “Oya, we ndo shemeji?” Yule mtoto wa watu akashtuka, akasema, “Hapana, mimi namleta tu anti.” Kijana wa mauzo akanigeukia akicheka. “Basi dada, kamlete shemeji. Haya ya injini tutaongea wanaume. Wewe utakuja kuchagua kava za siti.”

Nikamwonyesha bamba kwa kidole. Akasema, na wenzake wakiwa wamesogea kusikiliza, “Dada, sita na nne ipi kubwa? Hii ina sita. RS ndo kubwa. Sasa RS itakuwaje na nne?” Wakaangua kicheko wote.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, maana hilo swali linawaingia watu wengi wazima na ndiyo njia wanayoibiwa. Kwenye Altezza, la bei ya juu ndilo lenye silinda chache. AS200 ni silinda sita na nguvu za farasi 160. RS200 ni silinda nne na farasi 210 kwa gia za mkono, kwa sababu kichwa cha injini ile Toyota walikitengeneza pamoja na Yamaha, nayo inazunguka kwa kasi ambayo 1G haifiki. Zote mbili ni lita mbili. Kwa hiyo ukimwambia mtu “sita” anadhani amepewa zaidi, kumbe amepewa la kuanzia kwa bei ya la mwisho. Na wasikudanganye kwa Z Edition. Z ipo kwenye AS na ipo kwenye RS, herufi hiyo haikwambii injini.

Nikaomba kumwona mwenye yadi. Mzee mzima, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia. Nikamweleza. Hakushangaa, hakuinuka kwenda kutazama, hakumwita yule kijana. Akasema, “Mama, vijana hao wanatania. Chukua ile nyeupe, nakupunguzia.” Nakupunguzia! Yaani alijua. Angekuwa hajui angeinuka kwenda kuangalia. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo kuliko hata kicheko. Kijana anaweza kuwa mjinga, lakini mzee amekaa kwenye kivuli anasubiri mkulima wa Nanyamba au Tandahimba, aliyesubiri mnada mwaka mzima, aje amwachie milioni zake kwa ajili ya kibandiko.

Niliondoka. Yule wa bodaboda alikataa nauli ya kurudi. Kijana ana malezi yule.

Sasa hasira ina ubaya wake. Lile AS200 la fedha, lililokuwa halali kabisa, na nembo yake mwenyewe, na bei ya haki, nililichukia pia. Nilikataa hata kulitazama. Nikampigia binamu yangu wa Lindi, nikiwa bado natetemeka. Yeye ana RS200 halisi, SXE10, gia sita za mkono, alilinunua kwa mtumishi aliyehamishwa. Nikamwambia, “Kaka, niazime gari nijue ninachokigombania.” Akanipa.

Nililichukua Lindi, nikapita Mingoyo kuelekea Mtwara. Kwa mizunguko ya chini, nasema ukweli, ni gari la kawaida. Unaweza ukajiuliza watu wanasifia nini. Ila ukiliacha lipande, mshale ukipita elfu sita, linabadilika. Mlio unakuwa mkali, gari linajikaza, gia inayofuata inaingia fupi fupi mkononi, na wewe mwenyewe unakuta umekunja ndita bila kujua. Yale malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kwenda bandari ya Mtwara, unayajua yanavyokaa barabarani. Nilikuwa napita lori na kurudi upande wangu kabla sijamaliza kuogopa. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Na kwenye kona linageuka lote kwa pamoja, mbele na nyuma, wala halisukumi pua nje. Toyota waliliandaa hivyo, na mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alitaka sedani ya kuendeshwa, si ya kubebwa.

Halafu, tunakaribia Mikindani, taa ya injini ikawaka. Gari likaanza kukohoa, silinda moja imekufa. Koili ya plagi.

Na hapa ndipo ushauri wangu wa mwanzo ulipozaliwa. Fundi wa kwanza alisema, “3S hii? Usiwe na wasi, ya Noah inaingia.” Haiingii. Noah za zamani, RAV4 za mwanzo na Ipsum zina 3S-FE, na spea zake zimejaa Mtwara nzima. RS200 ni 3S-GE yenye VVT-i mbili, yaani mfumo wa kurekebisha ufunguaji wa vali za kuingiza na za kutoa, ndugu wa jina tu. Ilibidi koili iagizwe Kariakoo, ikaja ya gari jingine, ikarudishwa, ikaja tena na basi. Gari la watu limelala kwangu siku zote hizo, na mimi nampigia binamu kila jioni kumweleza. Yeye hakuudhika. Alisema amezoea, na hilo jibu likanitisha zaidi.

Baadaye nikanunua AS200 kwa mwalimu mmoja wa Masasi aliyekuwa anastaafu. GXE10 kwenye bamba, GXE10 kwenye kadi, AS200 nyuma. Mwalimu alinipa funguo, akaniambia, “Mwanangu, zunguka nalo mpaka uridhike, mimi niko hapa nachambua mchicha.” Kwangu hiyo ndiyo biashara.

Na AS200 ni gari jema. Injini hiyo ni 1G-FE, ile ile ya Toyota za GX 100 na GX 110 ambazo madereva wetu wameziendesha miaka nenda rudi. Fundi yeyote wa Majengo anaifungua amefumba macho. Plagi, mkanda, pampu ya maji, vyote unavipata hapa hapa kabla ya adhuhuri. Inazunguka laini, huisikii. Huko Ulaya Altezza waliuziwa kama Lexus IS200, na ni kwa injini hii ya sita. Ile 3S ya RS hawakuipata. Linasukuma nyuma kama mwenzake, kwa hiyo kwenye udongo mwekundu wa mvua, ukienda Newala, mguu uwe na heshima. Tairi ni za bei ya kuvumilika kama hukufungiwa rimu kubwa. Kwa rimu kubwa na tairi nyembamba, shimo moja la lori la makaa linakumalizia rimu, iwe AS au RS.

Kwa hiyo nilivyosema mwanzo ni sawa. AS200.

Isipokuwa kila nikipanda kilima nalo, nikiwa na makopo ya rangi kwenye buti, nakanyaga mafuta na linanijibu kistaarabu, linakwenda, lakini halina haraka. Mshale unapanda, na pale ambapo lile la binamu lilikuwa linaanza, hili ndilo linamaliza. Nakumbuka ile njia ya Mingoyo. Nakumbuka pia kile kicheko, na ninavyozidi kuandika ndivyo ninavyojiuliza: hivi nimelinunua AS200 kwa sababu linanifaa, au kwa sababu wale wanaume walinifanya niikimbie RS? Koili ni koili. Mtu akijua gari lake, anaagiza koili nne na kuziweka kabatini, mambo yanakwisha. Baba mdogo aliniambia hivyo hivyo: “Tatizo la RS si kuharibika, tatizo lake ni watu kulifunga spea za Noah.” Na yeye hajawahi kunidanganya kuhusu gari.

Basi nafuta niliyoyaandika juu, walau nusu yake. Kama gari ni moja nyumbani na huna mtu wa kukutumia spea kutoka Dar, AS200, na hutajuta. Ila kama unaipenda injini, kama ulishika tochi utotoni kama mimi, usikubali kuambiwa kwamba la kuanzia linakutosha. Halikutoshi. RS200 ndiyo Altezza. Hiyo nyingine ni sedani nzuri iliyovaa sura yake, na nasema hivi nikiwa mmiliki wake.

Na mkulima wa korosho utakayesoma hapa kabla ya msimu: fungua boneti kabla hujauliza bei. Hesabu silinda. Soma bamba, kisha uombe kadi, usome mwenyewe, na ukiona GXE10 chini ya nembo ya RS200 funga boneti uondoke, usikubali kupunguziwa. Mke wako au binti yako akisema kitu hapo, msikilize.

Langu AS200 nitaliuza fedha ikikaa sawa, kwa bei ya AS200. Natafuta SXE10, gia za mkono, injini haijachezewa, iwe Lindi au Mtwara. Naja na baba mdogo kwa sababu ni fundi. Bei utaongea na mimi.