Tahadhari: Kabla ya Kulipia Gesi ya AC, Tazama Upepo wa Gari Lako Unatokea Wapi

Nduguzangu wenye magari ya mizigo hapa Malindi, na nyinyi wa Lamu mnaoacha magari Mokowe, ninaandika haya kwa sababu yupo muuza spea anayewauzia watu gesi ya AC na kompresa (pampu inayoisukuma gesi hiyo) wasizozihitaji, na mimi ni mmoja wa waliouziwa. Sitamtaja, kwani shauri langu naye halijaisha, lakini mbinu yake nitaieleza ilivyokuwa ili atakayekutana nayo aitambue mapema.

Pikapu yangu hupeleka maembe soko la Kongowea, Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi. Katika joto la kaskazi, upepo wa AC ulianza kutoka kwenye kioo cha mbele na miguuni tu. Matundu ya usoni yakawa hayatoi kitu hata nikiifungulia feni mpaka mwisho. Kila nilipowasha gari, palisikika mlio wa tik-tik-tik chini ya dashibodi upande wa kushoto, kwa kama nusu dakika, kisha ukanyamaza.

Nilimweleza yote hayo, naye hakuingia ndani ya gari hata mara moja. Alifungua boneti, akaunganisha geji zake za kupimia presha ya gesi injini ikiwa imezimwa, akanionyesha sindano mbili zimesimama mahali pamoja, chini kidogo ya 100, akasema, "Mzee wangu, unaona? Hizi zilitakiwa ziachane. Gesi imekwisha na kompresa imekufa." Nilimwamini, na hapo ndipo nilipopotea. Injini ikishazimwa kwa muda, presha ya pande zote mbili za kompresa hujisawazisha, na kwa R-134a, aina ya gesi ya AC, katika joto la nyuzi 30, geji husoma karibu 97 psi (kipimo cha presha). Sindano zile hazikuweza kusema gesi ni kiasi gani, lakini zilionyesha wazi kwamba gesi imo. Huachana pale tu injini inapowashwa na kompresa kuanza kusukuma, jambo ambalo hakulijaribu kabisa. Tena, gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Imo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ni lazima pawe na mahali inapovuja, kwa hiyo anayejaza nyingine bila kutafuta uvujaji anajua kwamba utarudi kwake.

Aliiachia gesi yangu yote ikaenda hewani, akafunga kompresa aliyoiita mpya, akajaza gesi kutoka kwenye mkebe uliobanduliwa karatasi ya jina. Hakuvuta hewa iliyomo ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kujaza, ilhali bila hatua hiyo unyevu hubaki ndani, ukachanganyika na oili na kula vyuma. Kuhusu mkebe usio na jina, nawaomba msilichukulie jambo hilo kwa wepesi: mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua watu, kwa sababu yalikuwa yametiwa R-134a bandia yenye kloridi ya methili, kemikali inayoshambulia alumini. Nilimlipa shilingi 32,500 kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi, na kompresa yangu akabaki nayo akisema ataitupa.

Upepo uliendelea kutoka kwenye kioo vilevile. Jirani yangu, fundi umeme wa magari, alisikiliza ule mlio, akaondoa kisanduku cha dashibodi na kutoa mota ndogo nyeusi inayoenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na gia nyeupe ya plastiki iliyokatika meno matatu. Mota hiyo ndiyo inayogeuza kilango cha kuelekeza upepo usoni, miguuni au kwenye kioo. Tulipata iliyotumika kwa shilingi 2,500, na matundu ya usoni yakapuliza siku ileile. Kisha akakwaruza kompresa "mpya" kwa ukucha: rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake mlikuwa na kutu na oili iliyogandamana na vumbi la zamani. Siwezi kuthibitisha, lakini nadhani kompresa yangu nzima nayo imepakwa rangi ikauzwa kwa mwingine.

Kabla hujampigia fundi yeyote, washa feni na ubadilishe mwelekeo: usoni, miguuni, kwenye kioo. Upepo usipofuata, tatizo liko kwenye vilango, mota zake au umeme wake, na gesi haihusiki. Feni ikivuma kwa nguvu lakini upepo ni hafifu kila mahali, chomoa chujio la hewa ya ndani. Barabara zetu za mchanga hulijaza upesi sana. Feni ikifanya kazi kwa kasi ya mwisho pekee, katika magari mengi ni rezista yake, yaani kifaa cha kupunguza kasi ya feni, iliyoungua.

Kama upepo unatoka panapotakiwa lakini ni wa moto, iache AC ikifanya kazi dakika chache, kisha uzime injini na uguse bomba nene la alumini linaloingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na ndani ya gari. Likiwa baridi na linatoa jasho, AC inafanya kazi, na huenda kilango cha kuchanganya hewa moto na baridi kimekwama. Likiwa na joto, hapo ndipo mazungumzo ya gesi na kompresa yanapostahili kuanza, tena kwa geji zinazosomwa injini ikiwaka.

Mkebe wa gesi uusome mwenyewe kabla haujafunguliwa, na kifaa cha zamani uondoke nacho, kwa kuwa ni mali yako. Mimi nimehifadhi ujumbe wa M-Pesa na picha za ile rangi iliyobanduka, kwani mahakama za madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Ikiwa kuna aliyefungiwa hivi karibuni kompresa ya rangi ya fedha hapa mjini, naomba aikwaruze karibu na boliti, na akikuta kutu, aniandikie tuunganishe ushahidi.