Sila (dawa ya kupaka ya kulinda uso) ya zege la nakshi kwa Mbeya, Iringa na Njombe: ipi ununue, ipi uache dukani

Zege la nakshi la nje, liwe limepigwa stempu, limetiwa rangi au lina kokoto zinazoonekana, huku nyanda za juu linauawa na maji lililoyanywa. Mvua ya Novemba hadi Aprili inalishibisha, kisha Juni inaingia na baridi yake. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9, na ndani ya vitundu vilivyojaa ongezeko hilo halina pa kwenda. Uso hubanduka, na rangi uliyoilipia huondoka nao. Kitulo na Makete sakitu, yaani umande ulioganda, ni jambo la kawaida kipupwe. Mbeya na Iringa mjini adui mkubwa ni umande, mvua na jua kali la mwinuko. Ndiyo maana dukani uulize kwanza kama sila inaruhusu mvuke wa ndani kutoka. Mng'ao uje baadaye.

Ya kwanza: sila ya kupenya ya silani na siloksani. Kwa ua, njia ya gari na ngazi za nje, hii haina mpinzani. Inaingia ndani na kufanya vitundu vikatae maji bila kuacha ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Haing'ai wala haikolezi rangi; anayetaka sura ya kulowa hataipata hapa. Lita moja hufunika mita za mraba 3 hadi 5, kulingana na unywaji wa zege. Ua wa mita za mraba 40 unahitaji kama lita 10. Soma kopo vizuri: sila ya silikati ni kitu kingine, inagumisha sakafu lakini haifukuzi maji.

Ipulize kwa pampu ya shinikizo dogo hadi zege lilowe, kisha sambaza madimbwi kwa brashi. Kama kopo linataka mkono wa pili, uweke wa kwanza ukiwa bado mbichi. Ukikauka, zege litaikataa sila yenyewe kama linavyokataa mvua. Funika vioo vya madirisha mapema, maana matone yakikaukia hapo kuyatoa ni kazi.

Ya pili: akriliki ya thina, yaani plastiki iliyoyeyushwa ambayo hukauka kuwa ngozi juu ya zege. Hii ndiyo inayokoleza rangi na kuleta mng'ao, na kwa zege la stempu wengi wataipenda kuliko ya kwanza. Gharama yake ni kuirudia kila baada ya miaka 2 au 3, mapema zaidi panapopita gari. Paka mikono miwili myembamba kwa rola. Lita moja huenda mita za mraba 5 hadi 7 kwa kila mkono, hivyo ua uleule wa mita 40 utakula lita 12 hadi 16. Ukipaka nene, au jua la saa sita likiwa kali, mapovu yanabaki humo. Ukipaka juu ya unyevu, inageuka nyeupe kama maziwa. Weupe huo mara nyingi huondoka ukipitisha zailini (aina ya thina kali) kidogo kwa rola, kwa sababu inaiyeyusha akriliki upya na unyevu ukapata njia ya kutoka. Vaa barakoa ya kuzuia mvuke wa thina na usiwe karibu na moto. Kwenye mteremko, hasa Tukuyu kunakonyesha sana, changanya poda ya kuzuia utelezi katika mkono wa mwisho.

Ya tatu: akriliki ya maji. Harufu yake ni ndogo, ila inahitaji joto ili ishikane kuwa ngozi moja. Chini ya nyuzi 10 inabaki dhaifu na kuishia unga. Usiipake Njombe mwezi Julai.

Poliyurethani ni ngumu na inafaa baraza lililoezekwa, lakini unyevu huiharibu inapopakwa, na kuikwangua baadaye ni mateso. Epoksi iache ndani ya nyumba: jua huigeuza njano, na nje inafungia mvuke hadi inabanduka. Vanishi ya mbao usiinunue kabisa kwa kazi hii.

Makopo mengine ya kutoka nje yanajisifu kuhimili chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Huku hatumwagi chumvi hiyo, kwa hiyo usiongezewe bei kwa sababu yake.

Zege jipya lisubiri siku 28. Kisha bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, uzibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, subiri. Mwagia maji pia sehemu kadhaa: yakikaa juu kama shanga, sila ya zamani bado ipo, na ya kupenya haitaingia mpaka uiondoe.

Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba, zege likiwa kavu na mvua haijaanza. Ukilazimika kupaka kipupwe, anza saa nne asubuhi umande ukishakauka na umalize kabla ya saa nane mchana, ili sila ikauke kabla ya umande wa jioni. Ukimaliza, andika aina ya sila na tarehe ukutani stoo. Akriliki haishiki vizuri juu ya siloksani, na fundi atakayekuja baada ya miaka 3 hawezi kuitambua siloksani kwa kuangalia tu.