Om Shanti Om: steling anakufa katikati ya picha

Mtaani kwetu picha za Kihindi zilikuwa na sheria moja: steling hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, mwisho lazima arudi amvunje adui taya. Kwa hiyo siku nilipoiona Om Shanti Om mara ya kwanza, kwenye banda la video, watu walipiga kelele wakidai DVD ina kasoro. Shah Rukh Khan ameshakufa, na picha ndiyo kwanza ipo nusu!

Nakala ile ilikuwa imetafsiriwa. Mtafsiri, Mungu amjalie, alituhadithia nani anampenda nani na nani mbaya wa nani, ila utani wote aliuruka. Nikatoka nikijua nimeona picha ya mapenzi na kisasi kama nyingine. Miaka imepita, juzi nimeitazama tena kwa maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, mama yangu akiwa pembeni, na ndipo nilipogundua kwamba kwa karibu saa tatu hawa watu wanajicheka wenyewe.

Ni kazi ya mwongozaji Farah Khan, iliyotoka tarehe 9 Novemba 2007, msimu wa Diwali. Om Prakash Makhija ni kijana wa Bombay ya miaka ya sabini, mwigizaji wa kujazia nafasi, wale wanaopita nyuma ya staa na kuanguka wakiambiwa waanguke. Anampenda Shantipriya, nyota mkubwa, ambaye ni Deepika Padukone katika filamu yake ya kwanza ya Kihindi. Om anataka ustaa, lakini rafiki yake Pappu anamwambia wazi: kwa jina la Makhija hutoboi, tafuta jina la maana. Kisha moto, kisha kifo, na Om anazaliwa upya katika nyumba ya staa. Sasa ni Om Kapoor. Anachelewa kazini, anadeka, anaropoka, na wote wanampigia magoti.

Hapo ndipo niliposimamisha picha nikacheka peke yangu. Yaani njia pekee ya mtoto wa watu kuwa staa ni afe kwanza azaliwe kwa akina Kapoor, ukoo wa mastaa wa sinema ya Kihindi! Na anayeigiza mzaha huo ni Shah Rukh, mtu wa Delhi ambaye wazazi wake hawakuwa watu wa filamu. Tena siku hiyohiyo filamu hii ilipoingia kumbini, Saawariya nayo iliingia, na ndani yake Ranbir Kapoor, mtoto wa Rishi Kapoor, alikuwa anaanza kazi. Ukitaka kupanga kejeli kama hiyo huwezi. (Safari ile Makhija alimshinda Kapoor kwa mapato, na kwa mbali.)

Om Kapoor naye ana vituko. Katika filamu moja anayoigiza, mhusika wake ni kipofu, kiziwi, asiye na mikono wala miguu, naye staa anataka wimbo wa kucheza. Afanyeje? Basi iwe ndoto! Ndio huo Dard-e-Disco, Shah Rukh kifua wazi na misuli ya tumbo akiwa ameshavuka miaka arobaini. Kwenye sherehe ya tuzo, filamu zake mbili zinazoshindania ushindi zina mandhari ileile, maneno yaleyale, na jina lilelile la Rahul, ambalo Shah Rukh amepewa kwenye picha nyingi. Aliyewahi kutazama picha tano tu za Shah Rukh atajua kisu kimeelekezwa wapi.

Lakini utamu halisi niliupata kwa mama. Yeye ni mtoto wa Unguja, aliyekuwa akienda Majestic pale Vuga akiwa msichana. Filamu inafunguliwa na wimbo wa picha ya zamani, Karz, Rishi Kapoor jukwaani, mama akaanza kuuimba kabla sijaongeza sauti. "Hii Karz ni ile karadha yetu, mwanangu, deni," akanieleza. Akaongeza kwamba kwenye Karz pia mtu anauawa akazaliwa upya, kwa hiyo alishajua tunakokwenda. Karz yenyewe ilitoka 1980, na hapa eti ni 1977, ila mama hakutaka kusikia habari za tarehe.

Ukafika wimbo wa Dhoom Tana. Kwa ufundi wa kompyuta, Deepika ametiwa ndani ya nyimbo za zamani, akicheza na mastaa wa enzi hizo, Sunil Dutt, Rajesh Khanna na Jeetendra. Mama akashika kifua. "Toba! Sunil Dutt na mtoto huyu wapi na wapi?" Nilimweleza, akasema nirudishe nyuma. Tuliurudia mara tatu.

Si kwamba haina kasoro. Nusu ya pili inajivuta, hasa mipango ya kumnasa Mukesh, yule mtayarishaji muuaji. Arjun Rampal anatisha vizuri, ila anangojeshwa mno. Wimbo wenye mastaa zaidi ya thelathini wanaoingia mmoja mmoja ni raha kama unawajua. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili alichukua simu yake akaenda zake. Na nakala niliyolipia mtandaoni ilikuwa ikipoteza maandishi kila wimbo unapoanza, ikabidi mama awe mtafsiri. Kwa hilo nashukuru kuliko kulalamika. Nyota nne na nusu.

Usizime majina yakianza kupita. Wote waliofanya kazi wanapita kwenye zulia jekundu, hadi wale wa taa, wanapigiwa makofi. Mwisho kabisa, watu wameshaondoka, anafika mama mmoja kwa bajaji, na zulia linakunjwa.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ndiye aliyeiongoza picha."

"Na bajaji?"

"Na bajaji."

Akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akaniuliza kama Karz yenyewe inapatikana.