Jamu ya lakka kutoka Ufini: nimeila na matobolwa hapa Ipuli

Mpwa wangu anasoma Ufini. Likizo hii alipofika Tabora alinitolea kwenye begi chupa ya jamu, gramu 340, akasema kainunua karibu euro 9. Nilimgombeza. Kwa hela hiyo hapa Ipuli napata lita nzima ya asali ya miombo na chenji inabaki.

Ikabidi anieleze tunda lenyewe. Wafini wanaliita lakka. Mmea wake haufiki magotini, ni sentimita 10 hadi 25 tu, unaota wenyewe kwenye vinamasi vya kaskazini. Kila shina hutoa ua moja jeupe, na ua likishika, tunda moja. Moja tu! Halafu kuna mmea dume na mmea jike, kama mipapai yetu, na dume haizai. Mimi nafuga nyuki, hapo nikasogeza kiti. Chini ya udongo mashina yanatambaa kama tangawizi, kwa hiyo eneo kubwa la maua linaweza kuwa mmea mmoja, dume mtupu. Nyuki au nzi asipobeba chavua hadi kwa jike, hakuna kitu. Na hata wadudu wakiwepo, usiku mmoja wa barafu wakati wa maua unamaliza msimu. Mwaka wake wa kwanza kule alichuma mekundu akidhani yameiva, kumbe jekundu ndilo bichi. Likiiva linakuwa na rangi ya asali.

Sasa jamu. Inaanza na uchachu kama wa bungo, kisha inakuja harufu nzito, tamu, inayokaa mdomoni. Kwenye mkate ni ya kawaida. Kwenye matobolwa ya moto, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, pembeni kikombe cha maziwa mgando, ni nzuri mno. Mama alirudia mara tatu.

Kasoro zipo. Mbegu ni ngumu na zinaganda kwenye meno, mama alilalamika. Sukari wameizidisha, na sioni sababu, maana lakka lina asidi ya benzoiki yake ya asili inayolisaidia lisiharibike. Maelezo ya chupa ni Kifini na Kiswidi tu, na hakuna neno hata moja kuhusu dume na jike.

Bei sibishani nayo tena. Nimemwagiza chupa mbili, na moja iwe ya sukari kidogo.